Grisi Kwenye Dhahabu

Kwa miaka arobaini nimefungua na kufunga vitu vya watu: pampu za maji, mashine za kusaga, majenereta, cherehani, mpaka kiti cha kinyozi mmoja kilichogoma kushuka na mteja yuko juu yake. Sikusomea. Nilikaa na fundi huyu miezi sita, na yule mwaka, nikichoka naondoka na kile nilichokiokota. Wa kwanza wao, mtu wa pampu, alinifundisha kwamba chuma chochote kinachoingia ndani ya chuma kingine kipakwe grisi kwanza. Akikukuta umekaza boliti kavu, alikuwa anakuvua kofia mbele za watu na kukuuliza kama kwenu mafuta yameisha. Somo hilo halijanitoka mpaka leo, na ndilo lililomponza mpwa wangu.

Mpwa wangu ni binti wa marehemu dada yangu. Ameuza dawa kwenye duka la mtu miaka kumi na moja, anajua vipimo vya watoto na vya wazee kuliko ninavyojua jina langu, lakini leseni hana. Mwaka huu likatoka agizo: kuanzia mwezi ujao, asiye na leseni asisimame nyuma ya meza ya dawa. Leseni ni mtihani, na mtihani wenyewe ni wa kompyuta. Unaufanyia nyumbani, mlango umefungwa, kamera inakutazama usoni. Ukiukosa unangoja mwaka. Tajiri wake alishamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mwaka hawezi kumngoja.

Masharti yalikuwa mawili. Kompyuta utakayofanyia lazima uiandikishe wiki mbili kabla, na siku ya mtihani iwe hiyo hiyo, si ya jirani wala ya shemeji. Pili, iwe na memori isiyopungua jigabaiti nane. Yake ilikuwa na nne. Kwa hiyo akaagiza kadi nyingine ya nne, aichomeke pembeni ya ile ya zamani, nne na nne zifanye nane. Kadi ikachelewa njiani, ikafika jioni ya kuamkia mtihani. Asubuhi yake nikamkuta anamtafuta fundi kwenye simu.

"Fundi wa nini?" nikamwambia. "Kitu cha kuchomeka tu? Lete bisibisi."

"Mjomba, hii si pampu."

"Nimeshafunga jenereta nikiwa na homa, mwanangu. Wewe kasome."

Alinitazama kidogo. Nilikuwa na wiki ya tatu nyumbani kwake, nikila na kulala bila shughuli, na nadhani alitaka kunipa kitu cha kufanya. Akanipa bisibisi. Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi, na mtihani ulikuwa saa nane mchana.

Nikalaza boksi la kompyuta mezani, nikafungua ubavu wake. Ndani kuna ubao mkubwa wa kijani, wenyewe wanauita mazabodi, na juu ya ubao kuna mifereji miwili myembamba, myeusi, ya kuchomeka kadi za memori. Kadi yenyewe ni kijibao chembamba kama kitana, chini yake kina meno madogo ya rangi ya dhahabu. Mfereji mmoja ulikuwa na kadi ya zamani, wa pili mtupu. Ningechomeka ile mpya nikafunga, yangekuwa yameisha. Lakini mimi kazi nusu siiwezi. Nikaichomoa na ya zamani, nikaifuta vumbi, kisha nikaenda kwenye begi langu nikatoa kikopo cha grisi nyeusi ninachotembea nacho. Nikapaka meno ya kadi zote mbili kwa ncha ya kidole, kidogo tu, kwa adabu. Zikaingia laini kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Nilijisikia raha sana.

Mpwa wangu akawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Halafu boksi likalia: piiii, piiii, piiii. Likanyamaza. Likaanza tena.

"Mjomba?"

"Inaamka," nikasema. "Ipe muda."

Haikuamka. Tukazima, tukawasha. Pii tatu ndefu, kimya, pii tatu ndefu. Mama mkwe wake, ambaye wanaishi naye na ambaye tangu nifike amekuwa akiniita Mzee wa Safari, akatokea mlangoni na kikombe chake.

"Leo mmenunua king'ora?"

Mpwa wangu hakucheka. Akampigia fundi anayeitwa Mama Waya, mwanamke wa makamo anayetengeneza kompyuta za nusu ya mtaa, akaweka simu kwenye spika katikati ya meza.

"Niko juu ya ngazi ofisini kwa watu," Mama Waya akasema, "nikishuka hapa kabla ya jioni wananila nyama. Nani kaifungua?"

"Mjomba wangu."

"Shikamoo mjomba. Ni fundi?"

"Marahaba. Kiasi."

"Haya, wewe ndiye utakuwa mikono yangu. Inalia mara ngapi?"

"Tatu. Ndefu."

"Hiyo inakwambia haioni memori. Usiogope, mara nyingi ni kadi haijakaa. Chomoa waya wa umeme ukutani. Sasa bonyeza kitufe cha kuwashia, ushikilie, hesabu mpaka thelathini. Umehesabu? Hesabu kwa sauti, mjomba, wanaume wakihesabu kimoyomoyo wanaruka."

Nikahesabu kwa sauti. Akaniambia nitoe kadi zote mbili.

"Sasa nitazamie yale meno ya dhahabu. Yawe safi, makavu. Vumbi hapana, mafuta hapana. Hata mafuta ya kidole cha mtu aliyetoka kula yanatosha kuifanya ikatae. Umeme unapita pale kwa kugusana tu, kitu kikikaa katikati, basi. Ukiwa na ufutio wa penseli yafute. Yakoje?"

Kadi zilikuwa mkononi mwangu, nimezielekeza chini. Meno yote yalikuwa meusi.

Nataka niseme sawasawa nilichofanya, maana nimeshakigeuza kichwani mara nyingi na kila mara kinataka kujipamba. Mpwa wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, daftari limefunguliwa kifuani, midomo inakwenda. Alikuwa hanitazami. Nikageuka dirishani kama mtu anayetafuta mwanga, nikayafuta meno kwenye shati langu, kadi moja kisha ya pili, nikasugua mpaka dhahabu ikarudi.

"Yako safi," nikasema.

"Safi kabisa?"

"Kama kioo."

Nikazirudisha, nikasukuma mpaka zikalia ka! kama alivyoniagiza. Pii tatu. Tukajaribu moja moja. Ya zamani mfereji wa kwanza, ya zamani mfereji wa pili. Mpya huku, mpya kule. Akanitolesha betri ndogo, bapa kama kifungo cha koti, tukangoja dakika tano, nikairudisha. Pii tatu. Saa nne ikapita, ikawa saa tano. Kila nikichomoa kadi ilitoka na utepe mweusi, maana grisi ilikuwa imejaa kule ndani ya mifereji, na mifereji yenyewe ni myeusi, huioni hata ukimulika. Kila mara nikageuka dirishani nikafuta. Na kila kompyuta ilipolia nilijiambia: unaona, nimefuta na bado inalia, kumbe si grisi. Mtu akitaka kujidanganya, akili inamsogezea kiti.

"Mjomba, samahani nikuulize," sauti ya Mama Waya ikasema. "Hukupaka kitu? Watu wengine wanapaka vitu vya ajabu. Kuna mmoja alipaka mafuta ya nywele."

Mpwa wangu akacheka, cheko fupi la mtu aliyechoka. Ndipo akanitazama. Hapo palikuwa pahali pazuri pa kusema. Ningesema wote tungecheka.

"Nipake nini?" nikasema. "Mimi si mtoto."

Kwenye simu nikasikia ngazi yake ikilia.

"Basi mwanangu, pole," akamwambia mpwa wangu. "Kadi mbili haziwezi kufa pamoja, na ile ya zamani jana ilikuwa inafanya kazi. Kama meno ni safi na imekaa vizuri, hiyo ni mazabodi. Imekufa wakati wa kufungua, inatokea. Kubadilisha naweza, kesho. Lakini ukibadilisha mazabodi, ile programu yao itaona ni mashine nyingine."

"Kwa hiyo uje au usije…"

"Nikija nitakuja kukushika mkono tu."

Akashukuru. Alishukuru vizuri, kama anavyomshukuru mteja. Kisha akapiga simu ofisi ya mtihani, na nilisikia nusu yake tu: ndiyo dada, naelewa dada, imeharibika leo asubuhi, hapana, sina nyingine iliyoandikishwa. Alipokata akasema bila kumtazama mtu, "Mlango unafunguliwa saa nane, unafungwa saa nane na robo. Mashine ni ile ile. Nikikosa, mwakani." Akaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda, akafungua daftari, akaanza kusoma vipimo kwa sauti ya chini. Paracetamol, miligramu kumi na tano kwa kilo moja. Ibuprofen, kumi kwa kilo. Alikuwa anasoma kwa ajili ya mtihani alioamini haupo.

Nikatoka, nikaingia ukumbini. Mama mkwe alikuwa pale.

"Shati lako lina nini?"

"Jasho."

"Jasho jeusi." Akanywa chai yake. "Nimekaa kwenye kiti hiki tangu saa tatu, Mzee wa Safari. Dirisha la chumba kile na la ukumbi huu yanatazamana. Kila ukijificha kule unajionyesha huku."

Nikalifunika doa kwa mkono.

"Sijui umefanya nini, mambo ya kompyuta mimi siyajui. Najua mtu anayefuta." Akashusha sauti. "Basi la saa saba na nusu linapita hapo juu barabarani. Begi lako silioni kama limewahi kufunguliwa lote. Ukienda, nitamwambia mimi kesho, akiwa ameshalia. Atasema, ah, mjomba ndivyo alivyo."

"Unanifukuza?"

"Ningekufukuza ungejua. Nakurahisishia."

Na kweli alikuwa ananirahisishia. Nilikwenda chumbani kwangu nikalinyanyua begi. Halikuwa zito. Nimeondoka hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Kuna pampu fulani iliyopasuka siku mbili baada ya mikono yangu, na kijiji kizima kikasema ah, yule jamaa ndivyo alivyo, nami nikiwa maili mia mbili nikila chakula cha watu wengine. Husikii mtu akilia ukiwa ndani ya basi. Lakini ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao, na upande wa pili alikuwa amefika kwenye amoxicillin, akakosea, akarudia, akakosea tena mahali pale pale. Kipimo hicho mimi mwenyewe nilishakijua kwa wiki tatu za kumsikia.

Nikaweka begi chini. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika tano.

"Nilipaka grisi," nikasema mlangoni kwake.

Akainua uso. "Nini?"

"Kwenye meno ya dhahabu. Grisi ya mashine. Nimeyafuta, lakini imebaki kwenye mifereji. Fundi aliponiuliza nilisema uongo."

Nilitegemea kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Yeye alinitazama muda mrefu, kama anavyotazama cheti cha daktari chenye mwandiko mbaya. Kisha akafunga daftari, akasimama, akapiga simu.

"Dada, ni grisi. Mifereji imejaa grisi."

"Grisi!" Mama Waya akapasua spika. "Grisi ya nini? Ya gari? Mjomba upo hapo?"

"Nipo."

"Afadhali yule wa mafuta ya nywele, alikuwa ananukia! Sikiliza mwanangu, spiriti unayo?"

"Nauza dawa, dada. Ninayo."

"Bomba la sindano, na mswaki mpya. Umeme uchomolewe. Nyunyiza ndani ya mfereji, sugua kwa urefu, usikwaruze, halafu funga kitambaa chembamba kwenye ukingo wa kadi ya plastiki ngumu, chomeka, chomoa. Mpaka kitambaa kitoke cheupe. Na usiwashe ikiwa mbichi, utanichomea nyumba. Ukimaliza, kadi zenyewe nazo. Nani anafanya?"

Nikanyoosha mkono kuchukua mswaki. Mpwa wangu akaupisha, kama mtu anavyopisha baiskeli.

"Mimi," akasema. "Mjomba, kaa pale."

Nikakaa pale. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu ilivyowahi kutulia. Akavuta spiriti kwenye bomba, akasukuma tone kwa tone, akasugua, akafuta. Kitambaa kilitoka cheusi. Akakata kingine, cheusi. Kingine, cha kijivu. Mama mkwe akaja na furushi la vitambaa vya kanga kuukuu, akavichana mwenyewe kwa meno na kumkabidhi kimoja kimoja. Wanawake wawili na sauti ya wa tatu kwenye simu, na mimi kwenye kiti, ndani ya harufu ile kali ya hospitali.

Saa nane kasoro kumi akasema imekauka. Akachomeka kadi zote mbili, akawasha. Feni. Kisha pii moja, fupi, kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kuingia. Skrini ikawaka.

Mama mkwe akasema, "Alhamdulillahi."

"Ngoja," mpwa wangu akasema. Akasogeza uso karibu. "Inaona nne tu."

"Mfereji mmoja bado una uchafu," Mama Waya akasema. "Zima. Rudia ule wa pili. Saa ngapi?"

"Nane kasoro tano."

Akarudia. Safari hii alikuwa anapumua kwa mdomo. Vitambaa vitatu, vinne. Saa nane ikafika, mlango wa mtihani ukafunguka huko ulikofunguka, yeye bado ameinama na mswaki. Akapepea mfereji kwa daftari lake la vipimo. Nane na tano. Nane na saba. Mama Waya alikuwa anamwambia subiri, subiri, subiri, mpaka akasema haya. Nane na dakika kumi akawasha. Pii moja. Akangoja ile hesabu ipande.

"Nane," akasema.

Hakuna aliyeshangilia, hapakuwa na muda. Akatutoa nje kwa mkono, akajifuta vidole kwenye sketi, mlango ukafungwa. Tukasikia kiti kikivutwa, halafu hatukusikia kitu tena.

Tulikaa ukumbini mimi na mama mkwe wake. Saa tatu nzima, na mtihani ule hautaki sauti, kwa hiyo tulikaa kama watu waliokosana.

"Kwa nini hukuenda?" akaninong'oneza mwishoni.

"Sijui."

"Hilo angalau ni kweli," akasema, akarudi kwenye kikombe chake.

Mpwa wangu akatoka saa kumi na moja na robo. Macho yalikuwa mekundu, vidole vimekauka kwa spiriti mpaka vimepauka. Akanywa maji glasi nzima akiwa amesimama.

"Maswali mia," akasema, akimwambia mama mkwe. "Nimejibu sabini na tisa. Muda ukaisha."

"Yanatakiwa mangapi?"

"Sabini yaliyo sahihi."

Hesabu hiyo sikuhitaji shule kuifanya. Katika maswali aliyojibu, aliruhusiwa kukosa tisa tu. Kwenye majaribio ya daftari, nikimsikia kupitia ukuta, alikuwa anakosa moja katika kila kumi. Siku za kawaida hizo, akiwa amekula na amelala.

"Nilikuwa nasoma swali," akasema, "nasikia pii, pii, pii. Nasoma tena."

"Mwanangu…" nikaanza.

"Mjomba." Sasa alinigeukia. "Saa nne fundi alipokuuliza meno yakoje. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema nilidhani, sikuwa na hakika. Kulikuwa na nafasi ya kupita hapo.

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa namba aliyokuwa anaitafuta. "Nilisoma saa mbili zile nikijua nimeshakosa. Sikushika hata neno."

"Matokeo lini?" nikauliza.

"Siku ishirini na moja."

"Nitakuwepo," nikasema.

"Sijakuuliza," akajibu, bila ukali wowote, akaenda kulala.

Leo ni siku ya sita. Tunasalimiana asubuhi, ananiwekea chakula, anauliza kama nimelala vizuri. Kazini bado anakwenda, mwezi haujaisha. Mama mkwe ameacha kuniita Mzee wa Safari, haniiti chochote. Jana taa ya jikoni iliungua tukiwa wote mezani. Mpwa wangu akasimama, akavuta kiti, akapanda, akaanza kuifungua ile ya zamani akiwa ameinyoosha shingo mpaka mishipa imetoka. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, na urefu ninao. Nikabaki nimekaa, mikono magotini, mpaka akamaliza mwenyewe na mwanga ukarudi.